Sheria ya Kitambaa

Mimi napinga kutoa mimba. Nilipinga wakati ule, napinga sasa, na nikishakufa gongeni jeneza mniulize, nitawajibu vile vile. Nasema mapema ili mtu asinisome nusu, akakimbia kutangaza kwamba yule mama wa Shirere alikuwa upande wa wale wengine. Sijawahi kuwa upande wa wale wengine. Shida yangu ilikuwa na upande wangu.

Miaka ile miwa ilikuwa inalipa. Kwetu, upande wa chini wa Shirere, ilipandwa mpaka nyuma ya choo. Ukienda haja majani yanakukwaruza mgongo. Watu walikata migomba, wakang'oa mihogo, wakapanda miwa, halafu wakaenda sokoni kununua ndizi na mihogo. Malipo yakifika, wanaume walinunua redio na baiskeli, na wengine wakaongeza bibi wa pili, mbio mbio, utadhani angekwisha dukani. Barabarani kulikuwa na matrekta, juu ya matrekta vijana wenye mshahara, na kando ya barabara binti zetu wakitoka shule. Sasa hapo mtu anahitaji kuelezwa nini?

Kanisa letu liliiona hatari hiyo, likachukua hatua. Likatunga sheria juu ya akina mama.

Chama chetu cha akina mama kilikuwa na kitambaa cha kijani cha kufunga kichwani. Hukipewi hivi hivi. Lazima uwe umefunga ndoa kanisani, ufundishwe miezi, wanachama waje kukagua jikoni kwako na chini ya kitanda, kisha siku yenyewe unapiga magoti mbele ya kanisa lote na mwenyekiti anakufunga kwa mikono yake. Mwenye kitambaa alikuwa mtu. Kanisani alikaa mbele. Matangani alipewa chai kwa kikombe chenye sahani. Hata mwuza nyanya alimwongeza moja bila kuombwa.

Na sheria ilikuwa hivi: binti wa mwanachama akionekana ana mimba kabla ya ndoa, mama yake anafunguliwa kitambaa mbele ya watu na anakaa benchi la nyuma mwaka mzima, kwa sababu hakulea. Na baba wa binti? Huyo hakuwa na kitambaa. Na kijana mwenye mimba yake? Naye pia hakuwa na kitambaa. Huwezi kumfungua mtu kitu ambacho hakufungwa, mchungaji alitueleza, nasi tukatikisa vichwa tukaona ni hekima tupu.

Ndipo redio ikaanza kusema kwamba kuna watu Nairobi wanaotaka sheria ya mimba ilegezwe. Haukupita muda, mtaalamu mmoja akaja kutoka huko, mwanamke mwenye viatu vya kelele, tukaitwa ukumbini mjini Kakamega tukamsikilize. Alitueleza nusu siku nzima mwanamke wa kijijini anataka nini. Nikainua mkono niseme mwanamke wa kijijini anataka nini, maana nilikuwa nimemjua tangu nizaliwe. Mkono ukachoka, nikainua wa pili. Mwishowe akasema muda umekwisha, akatushukuru, akasema sauti zetu zimesikika. Sauti gani? Nilikuwa nimekohoa tu.

Kilichoniudhi zaidi ni neno lake moja. Alisema uzazi ni mzigo. Haya, nimezaa saba, mmoja akatanguliza miguu, na nikalima miwa nikiwa na wa mwisho mgongoni. Kama ni mzigo, niliyeubeba ni mimi, si yeye aliyekuja kunieleza uzito wake. Nilirudi nyumbani nimefura kama andazi.

Kwa hiyo chama kilipoamua kufanya mkutano wetu wa kujibu, na askofu aalikwe, na chifu aalikwe, mimi nilikuwa wa kwanza kupiga vigelegele. Mwenyekiti wetu akanichagua niseme kwa niaba ya akina mama. Huyu mwenyekiti alikuwa rafiki yangu. Tulifungwa kitambaa siku moja, tukipiga magoti pamoja. Mama mrefu, mwenye sauti inayofika barabarani bila kipaza sauti. Aliniambia, "Dada, mdomo wako Mungu hakuuweka bure. Siku hiyo uutumie."

Nilikubali kwa furaha. Wiki iliyofuata nikaletewa karatasi. Kamati ya wazee, wanaume watupu, ilikuwa imeshaandika nitakachosema. "Sisi akina mama wa Kakamega kwa kauli moja..." Nikamwuliza katibu wao yangu nitayaweka wapi. Akasema, "Mama, yako yamo humo humo." Nikayatafuta nyuma na mbele. Chifu naye alitaka kuiona karatasi kabla, kwa sababu siku hizo mkutano ulikuwa kwa kibali, na neno lolote nje ya kibali liliitwa siasa. Basi ndiyo hali yangu: wa Nairobi aliniona sijasoma, na hawa wangu wakanipa nisome, lakini ya kwao.

Hata hivyo nilikuwa tayari kuisoma. Nilikuwa jikoni siku moja asubuhi nikijizoeza, nikiisomea sufuria ya maharagwe, na binti yangu wa tatu ameketi kando akichambua mengine kwenye ungo. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, anangoja matokeo, na kwaya ilimtegemea kwa sauti ya kwanza. Nilipofika mahali pa "uhai usio na hatia" akainuka, akakimbilia nje, nikamsikia anatapika. Jana yake pia alikuwa ametapika. Mama wa watoto saba haendi kwa daktari kuulizia hilo.

"Ya nani?"

Akasema ya karani wa mizani, kijana aliyepimia miwa kiwandani na kupiga ngoma kwaya Jumapili. Nilitupa mwiko. Nilisema maneno ambayo kamati ya wazee isingeyapitisha. Nililia kwa hasira, nikamwuliza kama nilimsomesha ili apimwe na karani. Yeye alisimama tu mlangoni, anashika fremu.

Nilipoishiwa pumzi akasema, "Mama, wenzangu wanasema kuna mahali."

"Mahali pa nini?"

Nikamwuliza yeye mwenyewe anataka nini. Akafuta pua na kiganja.

"Mimi namtaka. Lakini sitaki ufunguliwe kitambaa kwa sababu yangu."

Woi! Nikaketi. Nikaukalia ungo, maharagwe yakamwagika, na wala sikuyaokota. Nilikuwa na karatasi mkononi ya kuwaambia watu wa Nairobi waache watoto wetu, na mtoto wangu alikuwa tayari kumtoa mjukuu wangu kwa ajili ya kipande cha nguo kilichokuwa kichwani mwangu wakati huo huo. Hakuna aliyemfundisha hilo Nairobi. Alilijifunza kanisani, kiti cha mbele, akiwa ameketi karibu nami.

Nilimwambia huyo mtoto atazaliwa hata kanisa likifungwa. Karani alipoitwa alisema anafikiria. Bado anafikiria, nadhani, maana hajarudi kutuambia. Ila ngoma aliendelea kuipiga kila Jumapili, na aliipiga vizuri.

Baba watoto, ambaye mwenyewe alikuwa kwenye ile kamati ya wazee, alinisikiliza mpaka mwisho. Akavua kofia, akaitazama, akaivaa. "Kitambaa ni chako, amua wewe," akasema. "Lakini mjukuu wangu asiguswe." Kisha akaenda kuangalia miwa. Miwa haikuwa na shida yoyote. Wanaume wa kwetu mambo yakiwazidi huendanga kuangalia miwa.

Siku mbili baadaye mwenyekiti akaja na akina mama wawili wa halmashauri yake. Walikuwa wamemwona binti akitoka mbio kwenye mazoezi ya kwaya. Walileta kuku. Mulembe, mulembe, tukasalimiana, tukaketi, tukanywa chai, tukasifu mvua. Halafu mwenyekiti akashusha sauti, na sauti ile haikuzoea kushushwa.

"Tunasikia mtoto ana malaria."

"Hana malaria."

"Malaria hii," mmoja wao akasema, "inashikanga sana wasichana wakati wa kuvuna miwa."

"Ng'ambo ya Mautuma kuna mama anayeijua," mwenyekiti akaendelea. "Apande gari la asubuhi. Asile kitu njiani. Abebe leso mbili nzito na glukosi. Na mwende wawili, maana wakati wa kurudi hatakaa sawa kwenye kiti. Jumapili ya mkutano atakuwa anaimba."

Nilimtazama. Alivyolieleza, ni kama mtu anayekuelekeza kupika obusuma: maji haya, unga huu, koroga. Na neno lenyewe halikutajwa hata mara moja. Neno ambalo tulikuwa tumelichora kwa rangi nyekundu kwenye mabango, herufi kubwa kama mlango, halikuweza kuingia sebuleni kwangu.

Nikawauliza, "Na mkutano wetu ni wa kupinga nini?"

"Dada, usichanganye mambo," mwenyekiti akasema. "Mkutano ni wa nchi. Hili ni la nyumbani."

Nikasimama. Nikawaambia mficha uchi hazai, na mimi nitapata mjukuu mchana kweupe, na yeyote mwenye malaria aende akameze dawa. Nikawafungulia mlango. Kuku nilibaki naye. Hasira nilikuwa nazo, lakini ujinga hapana.

Labda utauliza kwa nini hawakunitoa kwenye ratiba. Jina langu lilikuwa limeshapelekwa kwa askofu. Na tena waliamini nitanyamaza. Kila mama aliyewahi kuwa na la kusema alikuwa amenyamaza kwa ajili ya kile kitambaa, mimi ni nani?

Siku ya mkutano akina mama walikuja kutoka kila upande juu ya matrela ya miwa yaliyofagiliwa kidogo tu, wakashuka na vitambaa vyao vya kijani na majani makavu yamewanasa mgongoni. Mabango yalijaa uwanja wa kanisa. Mama mmoja alishika lililoandikwa MTOTO NI BARAKA, na jua lilipozidi akalitumia kujifunika. Chifu aliketi na kofia yake magotini. Askofu alipewa kiti chenye foronya. Binti yangu nilimweka mbele kabisa, amevaa gauni langu, maana lake halikufunga tena.

Nikaitwa. Nikashika karatasi, nikasoma: "Sisi akina mama wa Kakamega kwa kauli moja tunapinga utoaji wa mimba." Makofi yakapigwa, vigelegele vikapanda. Nikaikunja karatasi.

"Hapo ni kweli, napinga," nikasema. "Sasa niseme yangu. Binti yangu ana mimba. Ndiye huyu, mtazameni. Mmekuja kwa matrela kumpigania mtoto ambaye hajazaliwa, basi yuko hapa, ameketi. Ningekuwa nimempeleka kutibiwa malaria, leo ningemaliza karatasi hii, askofu angenishika mkono, na ningerudi nyumbani na kitambaa changu. Kwa vile nimemwacha mjukuu wangu aishi, Jumapili ijayo nitafunguliwa. Niambieni, sheria hii yetu inamlinda nani? Nairobi wanataka kulegeza sheria yao. Sisi tumekaza yetu mpaka binti zetu wanakimbia..."

Kipaza sauti kikafa. Nilimwona katibu wa wazee anainuka kutoka kwenye nyaya, anajipangusa mikono. Lakini mdomo wangu hautumii umeme.

"Mnataka uhai?" nikapaza. "Uhai unakuja na tumbo! Tumbo huonekana!"

Chifu akasimama. "Mama, hapo sasa unaingia kwenye siasa."

"Tumbo la binti yangu limekuwa siasa?"

"Kibali hakisemi tumbo," akajibu, na nafikiri alisema kweli. Kibali kilisema mkutano wa maombi na chai. Mchungaji akaanzisha wimbo. Kwaya ikaitikia, na ngoma ikapigwa, unajua na nani. Hakuna aliyenivuta. Nilishuka mwenyewe, nikaketi karibu na mtoto wangu. Mkono wake ulikuwa wa baridi, nikaushika, na wote wawili tukaimba, kwa sababu wimbo ulikuwa ni mzuri na haukuwa na makosa.

Jumapili iliyofuata nilipiga magoti mahali pale pale nilipofungwa. Mwenyekiti akasimama mbele yangu. Mchungaji alisoma sababu: kutokulea binti. Fundo lilimsumbua, akalivuta huku, akalivuta kule, na nilisikia pumzi yake ikinipiga kwenye paji la uso. Nikamwambia taratibu, "Vuta tu, halitauma." Hakunitazama. Nilikwenda benchi la nyuma kichwa wazi, mwanamke wa miaka yangu, na sitawadanganya kwamba niliona fahari. Niliona aibu. Nililia mpaka sadaka. Usimwamini mtu anayekuambia ukweli hauna aibu.

Mtoto alizaliwa msimu wa kuvuna, msichana, mweusi tititi, mwenye kelele. Nilijua kelele hizo zimetoka wapi.

Sasa kwetu mtoto akizaliwa, akina mama wa chama huja kwa wimbo. Unawasikia kabla hujawaona. Mmoja ana unga wa wimbi kichwani, mwingine kuni, mwingine ingokho, yaani kuku, kwapani. Mwenye sauti anaanzisha nje ya boma, wengine wanaitikia, na mzazi ndani anajua mwanawe amepokelewa. Siku kadhaa huinui ndoo, huwashi moto. Nimewaendea wengi hivyo. Nimeenda kwa wake wa pili, nimeenda hata kwa wale ambao hawakuwahi kuja kwangu.

Kwa binti yangu hakuja mtu. Sheria ilikuwa imekataa pia hilo: mtoto wa nje ya ndoa haimbiwi, ili wengine wasione ni jambo zuri. Alipokuwa tumboni alikuwa na askofu, chifu, kwaya na matrela. Alipotoka hakuwa na mtu wa kumtekea maji. Binti yangu alilala amegeukia ukuta, ananyonyesha bila kumtazama mtoto. Kila sauti barabarani ikipita, aliinua kichwa kidogo, kisha akakirudisha. Nilipika uji mimi, baba watoto akapasua kuni mpaka zikazidi, maana hakujua afanye nini kingine. Nilikuwa na hasira ya kuweza kuchoma shamba. Nilipanga maneno. Nilisema akija yeyote kati yao, hata akija kuazima chumvi, atayasikia yote kwa mpangilio.

Siku moja, jua likiwa utosini, miwa ya nyuma ya choo ikatikisika, akatokea mwenyekiti. Alikuwa amepita shambani asionekane barabarani. Amejifunga leso ya jikoni kichwani, ana mfuko wa unga wa wimbi, na majani ya miwa yamemkata mikononi. Alisimama uani kwangu kama mtu aliyepotea.

"Mulembe," akasema.

Sikuitikia. Nilikuwa napanga nianze na lipi.

"Nimekuja kumwona mtoto."

"Kwa sheria gani?" nikamwuliza. "Umekuja na kibali?"

Akapokea hilo. Akaweka unga chini. Nikamwambia mengine, na mengine, nikamwuliza aliyaficha wapi matrela siku mtoto alipozaliwa, na yeye akasimama tu, mikono imening'inia. Nikaona huyu mtu haogopi maneno yangu, kuna kitu kingine. Basi nikavuta pumzi, na hapo akapita, akainama mlangoni, akaingia.

Binti yangu aligeuka kutoka ukutani. Mwenyekiti akamwomba amshike mtoto. Binti akanitazama, kisha akamkabidhi mwenyewe. Yule mama akampokea, akamnusa kichwani, akafungua mdomo. Nilidhani ataimba. Sauti ile ya kufika barabarani haikutoka. Alijaribu tena.

"Binti yangu wa kwanza," akasema, "nilimpeleka mimi mwenyewe. Tulikwenda wawili." Mtoto akapiga chafya, akamfuta na ncha ya leso. "Mjukuu wangu angekuwa darasa la pili sasa."

Kila neno nililokuwa nimepanga nilikuwa nalo bado, na sikuona la kutumia. Yeye alikuwa bado amesimama, amembana mtoto kifuani kwa mikono yote miwili.

Binti yangu akajisogeza kitandani, akapiga mahali pa kukaa kwa kiganja.

"Keti hapa, mama," akamwambia. "Mshike chini ya kichwa, shingo yake haijakaza."